Mkwe Aliyeingia Mibunini

Akheri, Meru
9 Machi 2025

Kwa mkwe wangu Lesikar,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za Kijenge, habari za kazi, habari za usingizi? Sisi huku hatujambo. Mvua bado haijakaza, goti langu la kushoto linalalamika asubuhi na kunyamaza mchana, na ng'ombe amezaa dume tena. Na wewe je, hujambo kweli? Nauliza kwa sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Shemeji yako Elifuraha alipokuwa anapeleka ndizi soko la Kilombero Jumanne iliyopita, alikuona unakimbia barabarani. Anasema ulivaa bukta, jasho linakutoka, na alipotazama nyuma yako hakuona mtu wala mbwa. Akasimama kungoja, pengine anayekufukuza atatokea. Hakutokea. Basi aliporudi akanisimulia mimi, kisha akawasimulia wanawake wote wa kwaya, ndiyo maana nimeona nikuulize kabla hawajaanza kukufanyia maombi.

Unakimbia nini, baba? Kama ni maradhi, sema. Kama ni huzuni, hiyo naijua. Mwezi ujao Magdalena wetu anatimiza miaka miwili tangu atutoke, na mimi nimeshapalilia shamba lile lile mara tatu wakati magugu hayapo. Lakini kama ni kitu cha tatu, nataka kukijua. Zamani ningemtuma Magdalena akuulize, maana ndiye aliyekuwa akibeba maneno kati yetu. Mkwe na mama mkwe hawaketi wakahojiana, hilo unalijua, na kwenye simu siwezi, sauti yako ikiwa ndani ya sikio langu ni sawa na tumekaa kiti kimoja. Kwa karatasi nitaweza. Mpe Elifuraha jibu, Jumanne yupo sokoni.

Mama mkwe wako,
Elieshi


Kijenge, Arusha
21 Machi 2025

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na ndama amesimama vizuri. Mimi ni mzima, na barua yako ilinichekesha peke yangu karakanani, mpaka mteja aliyeleta friji lake akaniuliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia ndiyo.

Hakuna anayenifukuza, mama. Mwezi Januari nilikwenda kliniki kwa ajili ya kichwa kuuma. Nesi akanipima presha, akaitazama mashine, akanipima tena, kisha akalitazama tumbo langu. Akasema nianze mazoezi au nizoee vidonge. Rafiki yangu Nasri, muuza viungo wa Levolosi, ana klabu yao ya kukimbia, akanichukua. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka dukani kwake hadi mzunguko wa barabara, nikaketi kwenye ukingo. Mama mmoja muuza maandazi akanipa maji akidhani nimeibiwa.

Sasa naweza kukimbia saa nzima. Uliuliza habari za huzuni, mama, na nitakujibu kweli. Kwa miaka hii miwili kila nilichofanya nilikifanya huku namuwaza Magdalena, hata kufunga bomba la gesi. Nikikimbia, kuna dakika kama kumi hivi ambazo siwazi chochote, nahesabu pumzi tu. Mwanzoni niliona kama namsaliti. Sasa nazingoja dakika hizo.

Nimejiandikisha kwenye mbio. Ni kilomita ishirini na moja, Jumamosi tarehe 21 Juni. Zinaanzia Tengeru, zinapanda Akheri, zinapita mbele ya lango lako kabisa, halafu zinashuka. Kuna jambo jingine napaswa kukuandikia, lakini halijaiva.

Wasalimie shemeji zangu.

Mkweo,
Lesikar


Akheri
6 Aprili 2025

Kwa mkwe wangu Lesikar,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Tumshukuru Mungu kwa huyo nesi. Goti langu halijambo, na utaelewa kwa nini nalitaja.

Uliposema kilomita ishirini na moja nilitaka kujua ni umbali gani kwa miguu ya mtu. Basi Jumatatu nilichukua saa ya marehemu baba mkwe wako, nikatembea kutoka langoni hadi kanisani, nikatazama. Dakika kumi na nne. Jumanne nikatembea kwa haraka kidogo. Dakika kumi na moja. Jumatano hapakuwa na mtu njiani, nikashika kitenge juu kidogo, nikakimbia kuanzia kwa mzee Sumari hadi kwenye mfereji. Sijakimbia tangu mchakamchaka wa shule, na mchakamchaka ulikuwa na nyimbo na mwalimu mwenye fimbo. Moyo ulinigonga mpaka masikioni. Nilicheka, Lesikar. Nimesimama pale kwenye mfereji, mwanamke wa miaka sitini na minne, nacheka peke yangu. Usimwambie Elifuraha.

Sasa nina maswali. Hiyo namba wanayobandika kifuani ni ya nini, si wanaweza kuwaita kwa majina? Mkishuka mlima mnafunga breki au mnajiachia? Mtu akibanwa na haja katikati ya safari? Na yule wa mwisho, anangojwa, au watu wanakunja viti wanaondoka? Hilo la mwisho nalitaka sana, maana kwa ulivyoanza majuzi nadhani linakuhusu.

Na jambo jingine ni lipi? Umeniwekea sufuria jikoni na kifuniko juu, halafu unaniambia nisinuse.

Mama mkwe wako,
Elieshi


Kijenge
27 Aprili 2025

Mama mkwe,

Shikamoo. Nimefurahi goti limekubali, lakini tafadhali kitenge na mbio haviendi pamoja, utaanguka. Nasri anasema ukitaka atakutafutia suruali ya michezo. Nimemwambia hajui anachosema.

Majibu. Namba ina kidude kidogo nyuma yake. Barabarani wanatandika mkeka wa mpira, na ukipita juu yake mashine inakuandika kwamba umepita saa fulani. Usipoukanyaga, kwao hukupita. Kushuka ndiko kugumu, magoti yanalia, kwa hiyo ni breki. Mwenye haja anaingia kwenye migomba kama watu wote. Na wa mwisho anangojwa hadi saa tatu na nusu za mbio zitimie, baada ya hapo viti vinakunjwa. Naomba Mungu nivione vikiwa vimesimama.

Masika imetukamata huku, tunakimbia kwenye tope. Jumapili iliyopita tulikwenda hadi Ngaramtoni na kurudi, na nyumbani kwetu kule baba hakunitambua nilivyopita na tope usoni, akanisalimia kama mpita njia.

Sasa mimi nina swali moja. Siku ya mbio, utakuwa wapi? Nauliza kwa heshima, kwa sababu njia inapita langoni kwako na mavazi ya kukimbilia unayajua. Siwezi kupita mbele ya mama mkwe mapaja yakiwa nje. Kama utakuwepo, nitavaa suruali ndefu hata nikiiva.

Lile jambo jingine, nivumilie kidogo.

Mkweo,
Lesikar


Akheri
18 Mei 2025

Kwa mkwe wangu Lesikar,

Amani ya Bwana iwe kwako. Sisi wazima. Buni zimeanza kuona haya, moja moja zinapata wekundu.

Usijipike ndani ya suruali. Siku hiyo wanawake tunasafisha kanisa na kupanga maua, nitakuwa ndani tangu asubuhi. Wewe pita kwa amani na bukta yako, sitaona kitu.

Nimesikia wanasema wakimbiaji wanakula ndizi njiani. Ndizi za wapi? Kama ni zile ndogo za dukani, waambie wanaoandaa kwamba wanapita katikati ya migomba ya Meru na wasitie aibu.

Bado nangoja la kwenye sufuria.

Mama mkwe wako,
Elieshi


Akheri
22 Juni 2025

Lesikar,

Nilikuona jana.

Nilitoka kanisani, nikasema nitampa maji kwa mkono wangu, iwe nini iwe. Nilisimama barabarani na jagi karibu saa nzima. Ukatokea kwenye kona, ukaniona, macho yetu yakakutana, ukanikimbia. Watu wote wamekuona unanikimbia. Elifuraha alikuwa pembeni yangu, akanipokea jagi.

Habari za Catherine, huyo unayetaka kumwoa, ninazo tangu mwezi wa tano. Mlionekana sokoni mnachagua kitambaa cha mapazia. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, ndiyo maana nilikukumbusha kwenye barua ya mwisho. Kama umeamua kwamba sisi huku tumekwisha, ungesema. Ningekuelewa. Kukimbiwa mbele ya watu sikukustahili.

Elieshi


Kijenge
25 Juni 2025

Mama mkwe,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Naomba uisome hii hadi mwisho, halafu uamue.

Nianze na siku yenyewe, maana ulitaka kujua kila kitu na sitaki uikose kwa sababu ya kosa langu. Tengeru kulikuwa na ukungu hata mlima haukuonekana. Namba yangu ilikuwa 614. Tulikuwa watu wengi kuliko kwenye mahubiri ya uwanjani, kila mmoja anarukaruka mahali pake kwa baridi. Nasri aliniambia nianze pole pole, kisha yeye akaondoka kama mshale na sikumwona tena hadi mwisho. Kilomita ya nne nilipitwa na mzee wa Kimasai aliyevaa katambuga za tairi, anakimbia huku anazungumza na simu. Nadhani alikuwa anauliza habari za mbuzi.

Kupanda Akheri ndipo nilipojua mlima una uzito. Lakini sikiliza jambo hili, mama. Kila nyumba watu walitoka, na kila mmoja aliniambia pole. Wazee, wamama wenye majembe, wote: pole, pole sana, pole baba. Walikuwa wananipa pole ya kuchoka. Lakini mimi, kwenye kilomita ya kumi, nilianza kulia. Siku ya mazishi ya Magdalena nilipewa pole nyingi na sikuweza kulia hata kidogo, nilikuwa nahangaika na turubai na sahani. Sasa zikaja zote pamoja. Nilikimbia nalia kama kilomita mbili, na hakuna aliyejua, kwa sababu wakimbiaji wote wana nyuso mbaya.

Nilikuwa bado nafuta macho nilipoingia kwenye kona ile ya karibu na kanisa. Nikakuona katikati ya barabara na jagi.

Mama, miguu haikuniuliza. Nilikuwa na bukta, fulana imenigandia mwilini, kamasi, machozi, na mbele yangu yuko mama mkwe ambaye aliniahidi yumo kanisani. Nimelelewa Ngaramtoni. Tangu utotoni nimemwona baba yangu akiacha njia na kuingia kwenye mahindi kila mama mkwe wake akitokea, hata akiwa amevaa suti. Kabla sijawaza lolote nilikuwa ndani ya mibuni ya mzee Sumari. Nikaanguka kwenye mfereji, nikaamka, nikaendelea kuinama chini ya matawi hadi nikatokea barabarani kule chini ya kanisa.

Na ule mkeka wa mpira walikuwa wameutandika kanisani. Nilipofika mwisho, viti vikiwa bado vimesimama, yule bwana mwenye orodha akasema 614 haikupita juu. Akaniuliza nilipitia wapi. Nikamwambia nilimwona mama mkwe. Alikuwa Mmeru. Akaweka kalamu chini, akasema, "Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, ila mashine haina wakwe." Medali sikupewa. Kwenye orodha nimeandikwa kwamba sikumaliza.

Hayo ndiyo ya bukta. Lakini nisikufiche, hayo si yote. Kama ningekuwa nimeshakuambia habari za Catherine, nadhani ningeweza kusimama kando ya njia, nikageuza uso, nikapokea maji. Nilikuwa na siri, na mtu mwenye siri anakimbia haraka zaidi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mtu mpole. Tunataka kufunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Barua zote nimejaribu kuandika jambo hilo na kila nikifika hapo naandika habari za tope.

Niliogopa hivi. Nikioa, wewe si mama mkwe wangu tena. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, hata sura yake naikumbuka kwa picha. Tangu Machi wewe unaniuliza nimelala vipi, nakula nini, nakimbia nini. Hakuna mtu mwingine duniani anayeniuliza maswali hayo. Nilitaka nibaki nayo japo miezi michache zaidi.

Nimekukosea hadharani. Nisamehe.

Mkweo, kama bado,
Lesikar


Akheri
19 Julai 2025

Kwa Lesikar,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini u mzima na kwamba hukuacha mazoezi kwa majuto, maana presha haijui majuto. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa mambo mawili. La kwanza ni buni, zimeiva zote kwa pamoja na mikono haitoshi. La pili nitalisema.

Barua yako ilipofika, sikuiamini moja kwa moja. Sasa wewe unanijua, nikitaka kujua jambo sikai. Nikaenda kwa mzee Sumari nikamwambia nataka kutazama mibuni yake. Akadhani namtafutia makosa ya kupogoa. Nikaingia mstari wa kwanza, nikazikuta nyayo zako, raba zina vijistari kama vya kuku. Nikazifuata. Nikaona pale ulipoanguka, magoti mawili na kiganja kimoja kwenye tope la mfereji. Nikaona tawi lililovunjika, mzee Sumari naye akaliona, hilo mtazungumza wenyewe. Nilizihesabu hatua zako hadi barabarani. Ni mia mbili na kumi na mbili. Na zote zimeinama, Lesikar, zile ni nyayo za mtu aliyekunja mgongo. Mtu anayemkimbia mtu kwa dharau hakimbii ameinama. Nikaketi pale chini nikacheka hadi mzee Sumari akaniletea maji.

Halafu nikalia, na sioni sababu ya kukuficha. Umeniambia ulimlilia mwanangu njiani na ulipofika kwangu ukajificha. Mimi nami nililia siku nyingi nikijificha kwenye mibuni yangu, ili watu wasione. Tulikuwa tunafanya kazi moja, kila mtu na shamba lake.

Nilitoka kanisani siku ile kwa sababu nilitaka kuona. Kujua kwa kuandikiwa hakukunitosha. Nilitaka kuona uso wa mtu aliyekimbia kilomita kumi na tatu kuupanda mlima huu bila kufukuzwa. Ningefunga mdomo na kutazama chini kama nilivyoahidi, hayo yote yasingetokea. Kwa hiyo kosa lako nimeligawa mara mbili, nusu ni langu.

Sasa la pili lililonichelewesha. Niliwaita wanangu, shemeji zako, nikawaambia Lesikar anaoa. Mmoja akasema basi ukwe umekwisha, tumtakie heri. Mwingine akasema ni mapema. Elifuraha, ambaye wewe unamcheka, ndiye pekee aliyeniuliza mimi nataka nini. Tukabishana wiki mbili. Wamenuna, watakununia na wewe, vumilia hadi Krismasi.

Nilichowaambia ndicho nakuambia. Nimefiwa mtoto mmoja. Sikubali kufiwa wawili. Magdalena aliniletea wewe nyumbani, na alipoondoka hakuniambia nikurudishe.

Jumamosi ijayo njoo na Catherine mchana. Utaketi mezani, mimi upande huu, wewe upande ule, tule loshoro ya maziwa ya mgando pamoja, unitazame nami nikutazame. Nimemwomba mchungaji awepo ili asitokee mtu wa kusema hatujui mila. Mila naijua, na ni kwa kuijua ndiyo naiweka chini. Mimi na wewe heshima hiyo tumeshaimaliza yote siku ile, hatua mia mbili na kumi na mbili zinatosha. Catherine mwambie asiogope, nina maswali kama kumi na tano tu, na nitampa chai kwanza.

Na mwezi wa kumi na mbili, kanisani, mstari wa mbele upande wa bwana harusi kuna kiti cha mama yake. Najua mlikuwa mmepanga kukiacha wazi au kumweka shangazi. Msimweke mtu. Nimeshapeleka kitambaa kwa fundi, na nitakuja mapema nikikalie mwenyewe.

Mama yako,
Elieshi